Bima ya hati si jina jingine la fidia

Nimelisikia tena juzi, kwa mzee mmoja kijiweni kwenye kahawa hapa Mtwara: "Serikali ikitaka mashamba yetu, itukatie kwanza bima ya hati, tulipwe upesi." Tangu habari za mradi wa gesi kule Likong'o, Lindi, kila mtu ni mtaalamu wa fidia.

Bima ya hati hukatwa na anayenunua ardhi. Analipa mara moja tu, ili akiibuka mtu mwenye haki ya zamani juu ya ardhi ile, kampuni ibebe hasara na gharama za kesi. Anayelindwa ni anayepokea ardhi, si anayeiachia. Tena hii bima inatazama nyuma. Ya gari inangoja ajali ya kesho. Hii inahusu kosa lililokwisha kutendeka, mathalani sahihi ya kughushi au mrithi aliyerukwa. Kampuni ya kwanza ya biashara hiyo ilianza Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, maana kule ofisi ya ardhi hutunza nyaraka tu, haikuhakikishii nani mwenye mali.

Kinachoniudhi ni kuyachanganya maneno yenyewe. Fidia ni Kiarabu, maana yake kikombozi. Wengi wetu tulilijua neno hili kwenye Ramadhani kabla ya kulisikia kwenye mambo ya ardhi: mgonjwa asiyetarajia kupona hafungi, anatoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Kitu kimeondoka, unaweka kingine mahali pake. Bima tumeipata kwa Wahindi, nao kwa Waajemi, ambao kwao bim ni hofu. Basi bima unalipia hofu, na jambo lenyewe huenda lisitokee kabisa. Kwenye fidia hakuna huenda. Shamba limekwenda.

Je, serikali nayo ikate bima ya hati? Ikinunua kwa maelewano kama mnunuzi mwingine, swali lina maana, na hata serikali ya Marekani hukata wakati mwingine. Lakini kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, Rais akitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, haki za wengine juu yake zinageuka madai ya fidia. Hakuna wa kuja baadaye kudai shamba, atadai pesa. Hatari inayobaki ni kumlipa asiyestahili, na huku kwetu hiyo ni kubwa. Shamba ni la marehemu mjomba: mpwa analidai kwa upande wa mama, mtoto analidai kwa baba yake. Mikorosho imewekwa rehani, anayevuna ni mtu wa tatu. Mthamini anafika, anamkuta anayepalilia, anaandika jina lake. Kampuni gani itapanga bei ya bima hapo, ilhali mashamba mengi hayana hata hatimiliki ya kimila?

Kwa hiyo, mzee wangu, unachokitaka kina jina lake: uhakiki. Majina yabandikwe ofisi ya mtaa, yasomwe kwa sauti mkutanoni, mpwa na mtoto wote wakiwepo, kabla mtu hajasaini fomu ya uthamini. Na neno bima likikuwasha mdomoni, ile bodaboda yako sijui kama ina bima.