Neno lililoandikwa: linachoweza na lisichoweza

Dhana: Likishaandikwa, halina utata tena

"Tuandikishane" husemwa na watu wanaotaka kukata mzizi wa fitina. Ukweli ni kwamba maandishi hukata ubishi wa aina moja: kama neno fulani lilitamkwa au halikutamkwa. Maana yake inabaki kwa msomaji, na mwandishi hayupo pale aulizwe.

Mkataba wa Wuchale kati ya Ethiopia na Italia, uliotiwa saini tarehe 2 Mei 1889, uliandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kiamhari, kifungu cha 17 kilisema Menelik, mtawala wa Ethiopia, *anaweza* kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano, *amekubali* kuitumia. Italia ikashika maneno yake na kutangaza kuwa Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik akaukana mkataba mwaka 1893, na tarehe 1 Machi 1896 Waitaliano wakapigwa vibaya vitani huko Adwa, Ethiopia. Chanzo cha ugomvi kilikuwa kitenzi kimoja.

Shimo hilo lipo hata ndani ya lugha moja. "Juma alimwambia Ali kwamba amefukuzwa kazi." Nani hana kazi? Kiambishi *a-* kinawafaa wote wawili. Ana kwa ana, jicho au kidole hutosha. Kwenye barua, rudia jina, hata kama sentensi itakuwa nzito kidogo. "Mwalimu wa mtoto aliyelazwa" nayo ina ugonjwa huohuo: aliyelazwa ni mwalimu au mtoto? Hapa kupanga maneno upya hakusaidii sana. Igawe sentensi: "Mtoto amelazwa. Mwalimu wake ameomba ruhusa."

Kinachozua ubishi pia ni "wote" ikikutana na kikanushi. "Wafanyakazi wote hawajalipwa": mmoja atasoma kwamba hakuna aliyepata hata senti, mwingine kwamba wapo waliopata. Kama unamaanisha la kwanza, andika "hakuna mfanyakazi aliyelipwa". Kama ni la pili, "baadhi ya wafanyakazi hawajalipwa". Na tangazo la "kikao kesho saa 2:00" lina mitego miwili. Kesho ya nani, ya aliyelibandika au ya aliyelisoma siku tatu baadaye? Na anayehesabu saa za Kiswahili atafika asubuhi, huku anayesoma tarakimu kama simu yake inavyozionyesha akifika saa nane mchana. Tarehe, kisha "asubuhi" au "mchana", na mambo yamekwisha.

Dhana: Maandishi ni sauti iliyohamishiwa kwenye karatasi

Huhamia kiasi tu. Tamka *barabara* kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, umepata njia ya magari. Rudisha mkazo nyuma silabi moja, umesema "sawasawa". Herufi ni nane zilezile. Kejeli ndiyo haina alama kabisa, na ndiyo maana utani mwepesi ukitumwa kwa ujumbe hugeuka tusi.

Hati nyingi za zamani za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aghalabu herufi moja ilibeba *b* na *p* pamoja, kwa hiyo *bana* na *pana* zilifanana. Wasomaji hawakupata taabu kubwa, kwa sababu waliijua lugha kabla ya kuishika karatasi. Asiyeijua hukwama. Michael Ventris alifumbua Linear B, mwandiko wa kale wa Ugiriki na Krete, mwaka 1952 na kukuta ndani yake Kigiriki cha kale. Linear A, mwandiko mwingine wa kale wa kisiwa cha Krete, ina alama nyingi zinazofanana na hizo, lakini mpaka leo haijasomeka, kwa kuwa lugha iliyo nyuma yake haijulikani.

Dhana: Lugha isiyo na neno, watu wake hawana wazo

Kiswahili kina *kidole* tu, cha mkono na cha mguu, na hakuna anayevaa pete mahali pasipo. Hata hivyo, lugha husukuma kidogo. Kirusi kina majina mawili ya msingi kwa buluu ya kukoza na buluu nyepesi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha wasemaji wake wakizitofautisha upesi zaidi rangi zilizo pande mbili za mpaka huo. Walipopewa tarakimu za kushika kichwani wakati huohuo, faida hiyo ilitoweka. Msukumo upo, ila gereza halipo.

Dhana: Bila maandishi hakuna kumbukumbu ya kuaminika

Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya mwanzo hushiriki kina kimoja, cha nne hubeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Mghani akipachika neno lenye silabi pungufu, sikio linamkamata papo hapo. Neno geni lenye silabi sawa hupenya, kwa hiyo kinga hiyo ina tundu. Wasomaji wa Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, nchini India waliliziba: katika mtindo mmoja maneno hughaniwa 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3, na kuteleza kunadhihirika mara moja.

Mabamba ya udongo ya Uruk, mji wa kale katika Iraki ya leo, ya miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, kwa sehemu kubwa ni hesabu: shayiri, bia, kondoo. Hadithi zilikaa vichwani; idadi ndizo zilizohitaji udongo.

Dhana: Kilichoandikwa hudumu

Inategemea kimeandikwa juu ya nini. Udongo ukiungua huwa mgumu zaidi. Sajili ya ardhi ya Uingereza ya mwaka 1086 inasomeka, wakati toleo la kisasa lililowekwa kwenye diski mwaka 1986 lilikuwa taabu kusomwa miaka kama 15 baadaye, maana mashine zake zilikuwa zimeadimika.

Risiti nyingi za mashine hazina wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na maandishi hufifia kwa jua, mafuta ya mikono au kukaa ndani ya mfuko wa plastiki laini. Ikiwa ni ya dhamana ya miaka miwili, itoe kopi siku hiyohiyo. Usiipeleke kufanyiwa laminesheni ya moto: itatoka nyeusi tii.