Kutokumbuka tarehe ya kuokoka si kukosa wokovu
Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya maombi hapa Nairobi: asiyekumbuka siku na saa aliyookoka, bado hajaokoka. Si kweli.

Fungua Matendo sura ya 16. Katika mji mmoja, Filipi, mlinzi wa gereza aliamini usiku wa tetemeko, akitetemeka kwa hofu. Lidia, muuza nguo za rangi ya zambarau, Bwana alimfungua moyo kando ya mto, akisikiliza tu. Neema ni ile ile. Waefeso 2:8 nayo hutaja neema na imani, haidai tarehe.

Tunachanganyikiwa kwa sababu shuhuda za kubadilika ghafla ndizo hupewa maikrofoni, na ni za kweli kabisa. Ila aliyekua akiomba tangu utotoni kule Kayole asitiwe wasiwasi. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Aliyekuletea, mtumie Matendo sura ya 16.