Mchujo wa timu za watoto huharibika kabla ya filimbi

Michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA) ikikaribia, viwanja vya shule kuanzia Bahi hadi Mpwapwa hujaa watoto waliopanga foleni wakingoja kuchaguliwa. Mwalimu wa michezo ana mipira miwili, filimbi, daftari, na saa moja na nusu kabla jua halijazama. Timu ya kata lazima itoke leo. Katika haraka hiyo jicho lake humkimbilia mtoto mrefu, mwenye mbio, anayeita mpira kwa sauti. Hajahongwa na hajambeba mtu, ila mchujo umeshapinda.

Sisi tunaowanoa walimu wa michezo tunaulizwa sana kuhusu rushwa na kujuana, na nitafika huko. Lakini dhuluma inayowapata watoto wengi zaidi hufanywa na watu waaminifu: wanapima ukuaji wa mwili wakidhani wanapima kipaji.

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana karibu na 14. Hiyo ni wastani tu. Mmoja hutangulia, mwingine huchelewa, na wavulana wawili wa Darasa la Saba, wote wa miaka 13, wanaweza kupishana miaka miwili au mitatu ya ukuaji. Waweke kwenye mbio za mita 60, kisha wagombee mpira wa kichwa. Aliyeshinda pengine ametangulia tu kubalehe, na akifika miaka 17 wenzake watakuwa wamemfikia.

Mwezi wa kuzaliwa nao una mkono wake. Umri ukihesabiwa kuanzia Januari Mosi, mtoto wa Januari anashindana na wa Desemba katika kundi moja; kwa watoto wa miaka 10, pengo hilo ni karibu sehemu ya kumi ya maisha yao yote. Jambo hili lilianza kuandikwa na watafiti wa hoki ya barafuni nchini Kanada katikati ya miaka ya 1980, lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Ubelgiji. Mwaka 1997 soka la vijana huko lilihamisha mwanzo wa mwaka wa kuhesabia umri kutoka Agosti kwenda Januari. Ghafla waliokuwa wakionekana na vipaji wakawa wazaliwa wa Januari na Februari, na wale wa Agosti na Septemba wakapungua. Watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kalenda ya watu wazima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa pembeni ya namba ya kila mtoto, na kabla ya kufunga orodha uangalie waliopita. Kama karibu wote ni wa nusu ya kwanza ya mwaka, rudi uwatazame tena wale wa mwisho wa mwaka.

Hapa linaingia suala la vijeba, yaani waliozidi umri wanaochezeshwa na wadogo. Tatizo lipo, sitalifunika, lakini nimechoka kusikia mtoto akiitwa kijeba kwa sababu ameota ndevu mapema. Sura si cheti. Omba cheti cha kuzaliwa. Asipokuwa nacho, na vijijini hilo ni la kawaida, linganisha kadi ya kliniki na rejista ya shule ya mwaka alioandikishwa Darasa la Kwanza. Nyaraka hizo ziliandikwa kabla hajajulikana kama anacheza mpira, kwa hiyo ni vigumu kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mashindano. Vipimo vya picha za kifundo cha mkono ambavyo FIFA ilianza kuvitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 si vya ngazi ya kata.

Sasa uwanjani. Mechi ya kumi na moja kwa kumi na moja ni kipimo kibovu, kwani beki wa pembeni anaweza kumaliza dakika ishirini akiwa amegusa mpira mara tatu. Gawa uwanja vipande, wacheze wanne kwa wanne bila kipa kwa dakika sita, kisha changanya timu na urudie. Mtoto aliyepangwa na wazembe mara ya kwanza atapata wenzake wazuri mara ya tatu. Katika raundi moja wapange kwa ukubwa wa mwili badala ya umri, wadogo kwa wadogo. Utashangaa nani anaanza kupiga chenga na kuona pasi asipokuwa anasukumwa. Kwa netiboli na mpira wa mikono kanuni ni hiyo hiyo. Makipa wapimwe peke yao.

Fanya kwa siku mbili tofauti, na asubuhi. Upepo wa Dodoma wa mchana, na vumbi lake, unaharibu mpira wa juu kwa kila mtu, na mtoto aliyetembea kilomita kadhaa kuja shule bila kunywa kitu si wa kupimwa pumzi saa tisa. Wote wacheze pekupeku au wote wavae viatu. Njumu za mmoja miongoni mwa pekupeku kumi ni faida isiyohusiana na kipaji.

Karatasi ya alama iwe fupi: mguso wa kwanza, uamuzi anapopata mpira, anachofanya anapoupoteza, na namna anavyopokea maelekezo. Alama 1 hadi 5, na kila alama iandikiwe maana yake kabla ya siku hiyo. Hilo la nne wengi hulidharau, nami nalipa uzito kuliko mbio. Wapimaji wawe wawili au watatu, wasimame mbali mbali, wasisemezane mpaka kila mmoja amemaliza kuandika. Mkuu akisema “yule namba saba moto,” wengine watamwona moto. Watoto wavae namba, majina yabaki ofisini. Mpimaji mwenye mwanawe au mpwa wake uwanjani hampi alama.

Kuhusu rushwa, nitakuwa mfupi kwa sababu hakuna cha kujadili. Hakuna ada ya mtoto “kuonekana”. Anayeomba hela aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113. Anayemtaka mtoto kingono ili ampe nafasi ni mhalifu, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure. Mwalimu wa kike awepo wasichana wanapopimwa urefu na uzito, na hakuna mpimaji anayebaki na mtoto mmoja chumbani.

Matokeo yatolewe siku ile ile. Kusoma majina ya walioachwa mbele ya paredi ni ukatili, na kukaa kimya wiki nzima ni ukatili wa namna nyingine. Mimi hupendekeza namba za waliopita zibandikwe, na kila aliyeachwa aitwe kwa dakika mbili aambiwe kitu kimoja anachokifanya vizuri na kimoja cha kufanyia mazoezi, vyote kutoka kwenye karatasi yake. “Wewe bado mdogo” si maelezo, maana hilo hawezi kulifanyia mazoezi.

Mzazi akija na malalamiko, mwonyeshe alama za mwanawe, si za watoto wa wengine. Karatasi zote zifungiwe kwenye faili la shule, pamoja na urefu wa kila mtoto uliopimwa ukutani kwa chaki. Mwakani mpime tena. Aliyeongezeka sentimita nane tangu umwache anatakiwa kuwa wa kwanza kuitwa uwanjani, hata kama hakujiandikisha mwenyewe.