Sera za mstari katika PostgreSQL: nani aone mstari upi

Ruhusa za kawaida za hifadhidata huishia kwenye jedwali au safu wima. Ukimpa mtu GRANT SELECT, yaani ruhusa ya kusoma, kwenye jedwali la mikopo, anaiona mikopo yote. Ukimnyima, haoni hata mmoja. Kwa SACCOS yenye matawi Moshi na Tanga hilo halitoshi: afisa wa Moshi anatakiwa kuona mikopo ya Moshi tu, na jedwali ni lilelile. Sera ya mstari ni sharti linalokaa ndani ya hifadhidata, na kila mstari hupimwa nalo kabla haujamfikia anayeuliza.

Wengi huliweka sharti hilo kwenye programu, wakiongeza kichujio cha WHERE tawi = 'Moshi' katika kila swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Inakwenda vizuri mpaka mtu aandike ripoti mpya na kuisahau WHERE. PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, ina sera hizi tangu toleo la 9.5 la Januari 2016, na zinaandikwa hivi:

ALTER TABLE mikopo ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
CREATE POLICY tawi_lako ON mikopo
USING (tawi = current_setting('app.tawi'))
WITH CHECK (tawi = current_setting('app.tawi'));

Amri ya kwanza peke yake hufunga kila kitu. Bila sera yoyote, mtumiaji wa kawaida anapata mistari sufuri, wala haoni ujumbe wa kosa. USING huchuja mistari iliyopo, iwe ya kusomwa, kubadilishwa au kufutwa. WITH CHECK hukagua mstari unaoingia au unaobadilishwa, na hapa hakuna ukimya: afisa wa Moshi akijaribu kuhamishia mkopo Tanga, amri inakataliwa waziwazi.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Mwenye jedwali habanwi na sera zake. Ukijaribu ukiwa umeingia kwa akaunti iliyounda jedwali, utaona mikopo yote na kudhani umekosea kuandika; vibaya zaidi, programu ikiunganishwa kwa akaunti hiyohiyo, sera ni pambo tu. Tumia FORCE ROW LEVEL SECURITY, inayombana hata mwenye jedwali, au, bora zaidi kwa maoni yangu, ipe programu akaunti yake isiyomiliki chochote. Msimamizi mkuu na mwenye sifa ya BYPASSRLS (ya kuruka sera za mstari) hawazuiwi hata kwa FORCE.

Thamani ya app.tawi, yaani jina la tawi ambalo programu huliweka kwenye muunganisho wake na hifadhidata, nayo ina masharti. Yeyote anayeweza kuandika SQL mwenyewe anaweza kuibadilisha, kwa hiyo inafaa tu pale programu inapokuwa mlango pekee. Maafisa wakiingia moja kwa moja, tegemea current_user, yaani jina la akaunti inayotumika. Na kama miunganisho inatumiwa kwa zamu na watumiaji wengi, iweke thamani hiyo kwa SET LOCAL, inayoisha pamoja na muamala, isije tawi la mtu mmoja likamsubiri anayefuata.

Sera mbili za kawaida kwenye jedwali moja hupanua ruhusa, kwani inatosha mstari upite moja. Ukitaka kubana, andika AS RESTRICTIVE, iliyokuja na toleo la 10.

Kuna upenyo mmoja usiozibwa na sera. Namba ya mkopo ikiwa lazima iwe ya pekee katika jedwali zima, afisa wa Moshi akiingiza namba iliyokwisha tumika Tanga atapata kosa la kurudia, na hapo atajua kuwa ipo. Fanya upekee uwe wa tawi na namba kwa pamoja.