Je, wajua kwa nini valvu ya nyongeza kwenye trekta dogo la zamani hufungwa kwa mipira mitatu ya kupitisha oili, si miwili?

Matrekta madogo ya Kubota, Yanmar, Iseki na Shibaura ya miaka ya 1970 na 1980, yale yanayoletwa Afrika Mashariki baada ya kutumika Japani, mengi yalitengenezewa mashamba ya mpunga. Haidroliki yake, yaani mfumo wa kunyanyua kwa presha ya oili, ilikuwa na kazi moja: kunyanyua rotaveta, jembe la visu vinavyozunguka, mwishoni mwa shamba, trekta ligeuke, kisha kuishusha tena. Ndiyo maana nyuma utakuta mikono ya kunyanyulia na, mara nyingi, hakuna tundu jingine lolote la oili.

Sasa mwenye trekta, awe Mbarali, Tanzania, au Mwea, Kenya, anataka tela ya tipa au kijiko cha mbele. Ananunua valvu yenye wenzo, anafungua bomba linalotoka kwenye pampu, anafunga mpira mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, anawasha. Tipa inanyanyuka vizuri. Kesho yake ananyanyua rotaveta, na oili inaruka pale wenzo unapoingilia kwenye valvu. Anabadilisha sili, zile pete za kuzuia oili isivuje, zinapasuka tena. Fundi anasema valvu ni feki. Huenda ni nzima kabisa; kilichokosekana ni mpira wa tatu.

Tuanze na pampu. Kwenye matrekta haya ni pampu ya gia inayozungushwa na injini. Injini ikizunguka, pampu inasukuma oili, iwe kuna kazi au hakuna. Usiposhika wenzo wowote, oili inapita katikati ya valvu iliyo wazi, inarudi kwenye gia boksi na kuvutwa tena. Inazunguka hivyo siku nzima bila presha ya maana, kwa sababu pampu haitengenezi presha. Inatengeneza mwendo wa oili tu, na presha inaletwa na kile kinachoizuia oili isipite. Ukivuta wenzo, njia ya katikati inafungwa, oili inalazimika kuingia kwenye silinda, na uzito wa mzigo ndio unaoandika namba kwenye geji.

Kwa kuwa mto ni mmoja, kila kifaa unachoongeza lazima kikae juu ya mto huohuo, kimoja baada ya kingine: pampu, kisha valvu yako mpya, kisha mikono ya nyuma, kisha gia boksi. Hapa ndipo mipira miwili inapoleta balaa.

Valvu ya kawaida ina tundu lililoandikwa P, la oili inayoingia, na T, la oili inayorudi kwenye tangi. Njia ya T ndani ya valvu imetengenezwa kwa oili iliyochoka, yenye presha ndogo. Sili za ncha za spuli, ile fimbo inayoteleza ndani ya valvu, pale wenzo unaposhikilia, zinapakana na njia hiyo. Ukiunganisha T na bomba la mikono ya nyuma, mambo yatakuwa shwari hadi unyanyue kitu kizito. Rotaveta ikidai presha ya bar 100, hizo bar 100 zinasukuma kinyume hadi ndani ya njia ya T, na sili zinaruka. Pengine mwili wa valvu wenyewe unapata ufa.

Dawa yake ni tundu la tatu, ambalo kwenye valvu nyingi limeandikwa PB au N. Linakuja limezibwa kwa plagi. Unatoa plagi na kuweka mahali pake slivu, kijibomba cha chuma chenye oringi ambacho ndani ya valvu kinatenga njia ya katikati na njia ya kurudi. Slivu hii huuzwa peke yake na lazima iwe ya aina ileile ya valvu. Ya aina nyingine inaweza kuingia lakini isitenge. Kuanzia hapo oili inayopita katikati inatokea PB ikiwa na uwezo wa kubeba presha yote, inakwenda kwenye mikono ya nyuma. Oili inayorudi kutoka kwenye silinda inatokea T, na T sasa inahitaji mpira wake hadi kwenye gia boksi, bila kitu chochote njiani. Kuna wanaoweka slivu halafu wakaziba T wakidhani haina kazi tena. Hao ndio hupasua sili siku ileile ya kwanza.

Kuna kosa la pili ambalo huonekana dogo na ndilo linaloua pampu. Valvu ya usalama ya trekta, ile inayofunguka presha ikizidi, mara nyingi iko kwenye kifuniko cha mikono ya nyuma, yaani baada ya mahali utakapokata njia. Ukivuta wenzo wa valvu yako mpya na silinda ikafika mwisho, njia ya kwenda kwenye usalama ule imefungwa. Pampu inasukuma kwenye ukuta. Kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachopasuka, na kwenye trekta la miaka 40 huwezi kujua ni kipi. Kwa hiyo nunua valvu yenye usalama wake yenyewe, na uirekebishe ilingane na ya trekta.

Matrekta mengi ya ukubwa huu hufanya kazi kati ya bar 120 na 150, ila usikisie. Funga geji ya bar 250 kwa kiungo cha njia tatu kwenye mpira wa PB, legeza kizuizi cha mikono ya nyuma ili inyanyuke hadi mwisho na usalama wa trekta upige kelele, soma namba kwa sekunde mbili, shusha. Kisha hamishia geji upande wa P. Fungulia skrubu ya usalama ya valvu mpya hadi iwe legelege, sukuma silinda hadi mwisho, na ukaze robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka geji isome namba ileile. Valvu mpya mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imewekwa juu kuliko wanavyohitaji wazee hawa, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Wapi pa kukata njia? Baadhi ya Kubota wana kitalu cha chuma chenye plagi kilichowekwa makusudi kwa kijiko cha mbele. Ukikipata, kazi imekwisha nusu. Usipokipata, fungua bomba la chuma linalotoka kwenye pampu kwenda nyuma. Usilikate. Lihifadhi kama lilivyo, na umpe fundi wa lethi akuchongee vipande viwili vya kufunga mahali pa ncha zake: kimoja cha kutoa oili upande wa pampu, kingine cha kuipokea upande wa mikono. Mpango ukiharibika, bomba la asili linarudi kwa dakika 20 na trekta linalima.

Kwenye nyuzi za viungo ndiko pesa nyingi hupotelea. Matundu mengi ya matrekta ya Kijapani na ya valvu za dukani ni ya nyuzi sambamba za Kiingereza, zinazoandikwa G. Viungo vya Kimarekani, NPT, vina nyuzi za mteremko na pembe tofauti. Kwa ukubwa wa 3/8 utagundua mapema, maana G ina nyuzi 19 kwa inchi na NPT ina 18, havikubaliani. Hatari iko kwenye 1/2: vyote viwili vina nyuzi 14 kwa inchi. Kiungo kisicho chake kinaingia mizunguko mitatu vizuri, kinakuwa kigumu, unakaza kwa spana ndefu, na mwili wa valvu unafunguka ufa. Nyuzi sambamba huziba kwa washa ya shaba au ya mpira na chuma chini ya kichwa cha kiungo. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba hauna kazi hapa. Vipande vyake hukatika na kwenda kukaa chini ya valvu ya usalama.

Mipira ya 3/8 yenye nyavu mbili za waya inatosha kwa P, PB na ya silinda. Ya T iwe 1/2, irudi bila kubanwa. Mwisho wa mpira wa T uingie chini ya usawa wa oili. Ukimwaga kutoka juu kupitia tundu la kujazia, oili inatoa povu na pampu inaanza kulia. Viungo vya kuchomoa kwa mkono viwekwe kwenye mipira ya silinda peke yake, ile ya matundu A na B. Kwenye P, PB au T usiviweke kamwe. Kiungo kimoja kisiposhika vizuri, mto umezibwa, na pampu haisubiri utafute spana.

Je, pampu ndogo hivi inaweza nini? Ipime kwanza: elekeza mpira wa PB kwenye ndoo, washa injini kwa mzunguko wa kazi, hesabu sekunde 10. Ukipata lita 2.5, pampu inatoa lita 15 kwa dakika. Angalia tu oili isiishe kwenye gia boksi wakati unapima. Lita 15 kwa bar 120 ni kilowati 3, kama nguvu ya farasi 4. Silinda ya tipa yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80 itasukuma kwa zaidi ya tani 6, na ikiwa na urefu wa kusukuma wa sentimita 60 itameza lita 3 na kufika juu kwa sekunde 12. Silinda mbili za kijiko zenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa sentimita 40 zitatimia kwa sekunde 6 au 7. Hayo yanatosha kabisa. Kifaa chenye mota ya haidroliki inayodai lita 40 kwa dakika kiache dukani; kitazunguka kwa uvivu na kuchemsha oili.

Zile lita 3 za tipa zinatoka wapi? Kwenye gia boksi, mahali palepale gia zinapolowana. Silinda ya tipa husukuma upande mmoja na kushuka kwa uzito wake, kwa hiyo ikisimama juu inashikilia ujazo wake wote. Silinda ya pande mbili ina oili mbele na nyuma muda wote. Inayopungua ni kiasi cha fimbo inayotokeza. Kwa silinda mbili za kijiko zenye fimbo ya milimita 25, ni kama lita 0.4 tu. Pima oili silinda zote zikiwa zimerudi ndani, jaza hadi alama ya juu, kisha nyanyua tipa taratibu na usikilize. Mlio mkali wa pampu tipa ikikaribia juu maana yake imeanza kuvuta hewa, na silinda ni kubwa mno kwa trekta hilo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, pitisha dizeli safi na hewa kwenye kila bomba na mpira uliokatwa. Punje moja ya chuma kutoka kwenye msumeno huchora mstari kwenye spuli, na kijiko kitakuwa kinashuka chenyewe. Wacha injini kwenye mzunguko wa chini, sukuma na rudisha kila silinda mara tano au sita bila mzigo hadi iache kuruka ruka, ongeza oili, badilisha filta baada ya saa chache za kazi. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, iweke kwenye chupa usiku kucha. Ikisafika asubuhi, ilikuwa hewa, kagua upande wa kuvuta. Ikibaki vilevile au maji yakakaa chini, imwage yote.

Ukitafuta tundu linalovuja, pitisha kipande cha boksi kando ya mpira, usipitishe kiganja. Oili yenye presha inayotoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano huingia ndani ya ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha kuchomwa na mwiba, hakiumi sana, na bila upasuaji wa haraka mkono unaweza kukatwa. Hiyo ni safari ya hospitali saa ileile.

Kijiko cha mbele kinadai jambo jingine: uzito nyuma. Nusu pipa la zege, lita 100, ni kilo 240 hivi, na likining'inizwa kwenye mikono ya nyuma hupunguzia ekseli ya mbele mzigo na kuzuia magurudumu ya nyuma yasinyanyuke.

Yote haya hayaligusi Massey Ferguson 135, ambalo nalo wengi wanalo. Hilo linafuata mfumo wa Harry Ferguson: pampu yake ya pistoni nne imezama ndani ya oili ya gia boksi, na valvu inayoitawala iko upande wa kuvuta, kabla ya pampu. Wenzo ukiwa umetulia, pampu haivuti kitu, hivyo hakuna mto wa kuweka valvu ya katikati wazi juu yake. Tipa huunganishwa moja kwa moja kwenye tundu la kifuniko cha mikono, na oili inakwenda kwenye mikono na kwenye tipa kwa pamoja; kilicho chepesi ndicho kinachonyanyuka kwanza. Mikono mitupu daima itatangulia mbele ya tela la mchanga, isipokuwa umeweka valvu ya kuchagua njia. Na ukikanyaga klachi hadi chini, pampu inasimama na tipa inabaki ilipofika.