Miaka Minne Juu ya Mawe: Kutunza Moyo Unapofufua Land Rover ya Zamani

Nina gereji hapa Tanga, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu kubwa imekuwa Land Rover za zamani, hasa zile za Series II na Series III, yaani matoleo ya pili na ya tatu, zilizotumika katika mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe kabla ya kuuziwa watu binafsi. Wanaoniletea magari hayo huniuliza habari za spea, gharama na rangi. Ni wachache mno wanaouliza jambo ambalo kwa uzoefu wangu ndilo huamua iwapo gari litarudi barabarani, yaani mwenye gari atautunzaje moyo wake kwa muda wote ambao gari litakuwa limekaa juu ya mawe. Nimeshuhudia chesisi nzima zikipimwa kwa mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, si kwa kuwa zilishindikana, bali kwa kuwa wenyewe walichoka kuzitazama.

Nitaeleza kwa gari moja lililonifundisha zaidi ya mengine. Lilikuwa Series III ya mwaka 1978, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, mali ya mzee mmoja mstaafu aliyeinunua kutoka kwenye shamba alilolitumikia. Aliniambia, "Fundi, nataka niliendeshe mwenyewe kabla macho hayajanishinda." Nilimwahidi mwaka mmoja na nusu. Kazi ilichukua miaka minne, na katika mwaka wa pili ilikaribia kufa kabisa, kwa kosa langu mwenyewe.

Kosa lenyewe ni kwamba nilifungua gari zima katika wiki mbili za mwanzo. Land Rover za aina hii hushawishi kufanya hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi imefungwa kwa boliti, na mtu mwenye spana nzuri na mafuta ya kulainishia nati zenye kutu anaweza kutoa milango, paa na mabawa ya mbele kwa siku chache tu. Kila jioni unaona umefanya kazi kubwa. Unapoanza kurudisha, mwendo hubadilika, kwani kila kitu ulichokitoa kinadai kusafishwa, kupimwa, kuchomelewa au kununuliwa upya kabla ya kurudi mahali pake, na kazi ya mwezi mzima inaweza kutoshea ndani ya ndoo moja. Hapo ndipo moyo huvunjika: gari limeenea sakafu yote, na hakuna hata kipande kimoja unachoweza kukionyesha ukasema kimekwisha.

Kwa magari ya pwani hali huwa ngumu zaidi, na ni vyema msomaji aelewe sababu yake asije akajilaumu bure. Land Rover ya kwanza ilipotolewa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao nchini Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na mtindo huo ukaendelea hata katika Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi hujila yenyewe na kuacha unga mweupe. Chesisi nayo ni ya chuma, imeundwa kwa mabamba yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lililo tupu ndani, hivyo matope yanayoingia humo hukaa miaka mingi na kuila kutoka ndani kuja nje. Unagonga kwa nyundo ndogo mahali unapodhani pana tundu la ukubwa wa shilingi, na mkono wako mzima unapita. Jambo kama hilo likitokea mara tatu katika juma moja, hata fundi mzoefu hutafuta kisingizio cha kushika gari lingine.

Ndivyo nilivyofanya. Yule mzee alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala. Baadaye akawa anakuja mara moja kwa mwezi, kisha akaacha. Sikumlaumu, kwa maana kila alipokuja aliona lundo lile lile.

Kilichotuokoa ni kubadili mpangilio wa kazi. Nilifunga kila kitu stoo, nikabakiza ekseli ya nyuma peke yake. Nikaifanya yote kwa ukamilifu: difu, beringi, sili, breki, kisha rangi, nikaiweka juu ya meza mlangoni ambapo kila anayeingia lazima aione. Tangu hapo nikajiwekea sharti kwamba hakuna kipande kinachotoka stoo kabla kilichotangulia hakijakamilika. Baada ya wiki tatu nilimpigia mzee simu. Alikuja, akaigusa ile ekseli kwa kiganja, na Ijumaa iliyofuata akarudi bila kuitwa.

Springi zilifuata, na hizo ndizo zilizonitesa kuliko kitu kingine. Bushi za mpira zilizopigwa ndani ya chesisi huwa zimeshikana na chuma kwa kutu, na moja ilinichukua siku tatu za kuchoma moto, kukata na kugonga. Kwa kazi za namna hiyo ushauri wangu ni kuzianza asubuhi wakati mwili una nguvu, na kutoondoka gereji ukiwa umeshindwa. Kabla ya kufunga, fanya jambo dogo ambalo una hakika litakwisha, hata kama ni kusafisha nati kumi, ili kesho usirudi mahali ulipoacha hasira.

Wapo mafundi wenzangu wanaopaka rangi milango mapema ili kumpa mteja matumaini. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Rangi hiyo hukwaruzwa wakati wa kufunga, na mteja akishaona gari linang'aa huhesabu kwamba kazi imekwisha, kumbe chini bado ni kutu. Badala yake, nashauri injini itangulizwe. Injini ya petroli ya 2286 cc ni rahisi kuifahamu, na inaweza kuwashwa nje ya gari: tuliifunga kwenye fremu ya vyuma, tukaifungia rejeta na galoni ya petroli, tukahakikisha plagi zinachoma kwa mpangilio wake wa 1-3-4-2, yaani silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, kisha ya pili. Ilipowaka, mzee alisimama kimya hadi tulipoizima. Mlio ule ulimvusha mwaka mzima uliofuata, mwaka wa kuchomelea ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, kazi ambayo macho hayaoni maendeleo yake.

Kabla ya hapo injini yenyewe ilitusubirisha miezi minne, kwa kuwa karakana moja ilichonga silinda kupita kipimo cha pistoni nilizokwisha kuzinunua, ikabidi kuagiza nyingine. Kungoja spea huua moyo haraka, na dawa yake ni kuwa na kazi ya akiba isiyohitaji spea wala fedha. Mimi huweka nyaya na viti kwa ajili hiyo, na kwa makusudi huziacha kazi hizo zingoje masika, kwani unyevu wa Tanga katika miezi hiyo huharibu rangi na haifai kupaka chochote.

Daftari nalo ni la lazima. Kila boliti huingia kwenye mfuko wenye jina la mahali ilipotoka, na kila siku ya kazi huandikwa kwa mistari miwili. Baada ya miaka miwili kumbukumbu haikusaidii tena, wala huoni umbali uliotoka mpaka usome kurasa za mwanzo.

Siku breki zilipopita majaribio, gari lilikuwa halina paa wala milango, na wipa zilikuwa bado mfukoni. Nilimpa mzee ufunguo. Alizunguka uwanja wa gereji mara sita, kwa gia ya kwanza, kofia yake ikiwa imewekwa kwenye kiti cha pembeni. Milango tuliifunga wiki tatu baadaye.