Msumeno Wako Hauumwi: Tuliyoyachoka Sisi Wakataji wa Tai

Wiki iliyopita nimeletewa msumeno wa nakshi mwingine, ule wa mezani wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Mzima kabisa. "Fundi, hii mashine inavuta kulia." Nikamwomba anionyeshe kazi, akatoa bawa la tai alilolikata kwa mbao: manyoya marefu ya ncha, yale yanayotawanyika kama vidole, moja nene, jingine jembamba, jingine nene tena. Alikuwa ameshabadilisha bledi sita, ameulegeza mkono wa juu wa mashine na kuukaza upya, na mnunuzi wa mashine alikuwa tayari keshampata. Huyo ni wa nne mwaka huu. Naandika ili wa tano asome kwanza kabla ya kujitwisha chuma chote kile.

Dhana yenyewe husemwa hivi: msumeno mzuri hukata moja kwa moja mbele yako, kwa hiyo ukiuona unaenda pembeni, ama mashine imepinda ama mkono wako mbovu. Si kweli, na watu wazima wenye akili zao wamenibishia hili hadi jioni. Meno ya bledi nyingi huchongwa kwenye ukanda wa chuma kutoka upande mmoja, na chuma kinachosukumwa hujikunja kidogo upande wa pili. Mkunjo huo huuoni kwa macho. Chukua bledi mpya, pitisha kidole taratibu kwenye mbavu zake, kutoka mgongoni kuelekea menoni: ubavu mmoja ni laini, wa pili unakwaruza. Huo unaokwaruza ndio wenye uchu wa kukata, na mara nyingi ni wa kulia. Bledi itaelemea huko kwenye mashine ya bei ya chini, na itaelemea hukohuko kwenye ile uliyokopa hela kuinunua.

Kwa hiyo usiitibu mashine, geuza ubao. Chukua kipande cha taka, chora mstari mnyoofu wa sentimita 15, kisha kata ukiutazama mstari tu, bila kujali ubao umekaaje. Ukifika katikati, zima. Usiguse kitu. Sasa tazama: mstari wako hauelekei mbele moja kwa moja, umekaa mshazari kwa nyuzi chache. Huo ndio mwelekeo wa bledi hiyo, na kazi yote utailisha kwa mshazari huohuo. Mimi hulirudia jaribio hili kila nikivaa bledi mpya, kwa sababu pakiti na pakiti hazifanani. Ni kazi ya dakika moja. Mwanafunzi anayeruka dakika hiyo utamwona baada ya nusu saa akipapasa nati chini ya meza.

Wapo pia wanaobana kipande cha mbao mezani kiwe mwongozo, kama wanavyofanya kwenye msumeno wa mviringo. Jamani. Mwongozo unaulazimisha ubao kwenda mbele, bledi inataka kwenda pembeni, na bledi yenyewe ni uzi tu wa chuma. Inapinda tumboni kama upinde, ukingo unatoka umebinuka, kisha inakatika na lawama zinamrudia aliyeiuza.

Sasa kwa nini lile bawa lilikuwa na manyoya manene na membamba yakipishana? Kata unyoya mmoja pamoja nami. Unaanza shinani, unateremka ubavu wa kwanza hadi nchani. Pale nchani unaacha kusukuma, unauzungusha ubao huku bledi ikiendelea kupanda na kushuka, ukiuegemeza kidogo kwenye mgongo wa bledi, si kwenye meno. Kisha unarudi na ubavu wa pili. Muda wote huo unyoya umebaki mkono uleule. Ukiwa kushoto kwa bledi, mvuto wa kulia unaukimbia, nao unanenepa pande zote mbili. Ukizunguka kinyume, unyoya ukawa kulia, bledi inaula pande zote mbili nao unakonda. Yule bwana alikuwa akianza unyoya mmoja hivi na unaofuata vile, kadiri kiti kilivyomkaa. Mashine haina habari. Tena jicho la mtazamaji husamehe pindo lililozidi nusu milimita, ila manyoya yanayotakiwa kwenda sambamba halisamehe hata kidogo.

Kama bado unaishuku mashine, shuku meza, maana hiyo kweli huweza kulala upande. Chukua kibao kinene, kikate kidogo ukingoni, milimita mbili tu, kisha kipeleke nyuma ya bledi na kukigeuza ili ule mkato uutazame mgongo wa bledi. Mgongo ukiingia bila kugusa juu wala chini, meza iko sawa na huna ulichobaki nacho cha kulaumu.

"Nimelegeza kidogo, zilikuwa zinakatika." Umeongeza tatizo. Bledi iliyolegea inapinda unapoisukuma, inachoka kwa kupindapinda, inapasha moto, inakatika. Ivute kidogo kwa kidole kama uzi wa zeze: ilie ting, sauti kali na safi. Ikilia dub, kaza. Halafu punguza nguvu ya kusukuma. Bledi butu hukatika kwa sababu wewe umegeuka kuwa meno yake. Kwenye mbao ngumu bledi nyembamba inaweza kuisha makali chini ya nusu saa ya kukata. Msaji ndio usiseme: una mchanga wake wa asili ndani ya nyuzi za mbao, nao hula makali kimyakimya. Bledi ni kama msasa, ikiisha tupa. Kuihurumia kunagharimu ubao mzima.

Wateja nao wana yao. Wanatuma picha ya tai kutoka kwenye simu na neno moja: "Nikatie." Picha si ramani ya kukatia. Kwenye picha, nuru iliyo ndani ya mboni inaweza kuelea peke yake katikati ya weusi. Kwenye ubao, kinachoelea kinaanguka sakafuni. Kila kipande kinachobaki lazima kishikane na kingine, na kazi ya mchoraji wa ramani ni kutafuta madaraja yasiyoonekana kama madaraja. Kwenye jicho la tai mimi huishika ile nuru kwa kuiunganisha na nyusi. Na nyusi hizo ndizo tai mwenyewe: tai ana ukingo wa mfupa juu ya jicho, ndio unaompa ule uso wa hasira hata akiwa ameshiba. Ufute, uweke jicho la duara lililo wazi, nakuhakikishia umekata njiwa mwenye mdomo uliopinda. Kwa hiyo anayenidai manyoya 300 ili tai "awe hai" namwambia tuanze na mstari mmoja wa nyusi. Ukikaa vizuri, manyoya kumi na mbili ya shingo yanatosha. Ukikosewa, hata 300 hayaokoi kitu, yanazidi tu kudhoofisha ubao.

Kuhusu udhaifu huo: kwenye mbao nzima, unyoya mwembamba uliolala kukatisha nyuzi utavunjika, hata kama si leo. Panga ramani nyuzi zifuate bawa, au tumia plaiwudi isiyo na mapengo ndani. Na anza na matundu ya ndani, yale madogo ya katikati kwanza, ungali na ubao mpana wa kushika. Umbo la nje ni la mwisho. Sielewi kwa nini hili hubishaniwa.

Bledi ya msokoto, ile iliyosokotwa meno yakatazama pande zote, hukata kila upande bila kuzungusha ubao, hilo ni kweli, na kwa ubao mkubwa usiozunguka chini ya mkono wa mashine haina mpinzani. Lakini njia yake ni pana na ukingo wake umechanika. Ncha ya unyoya iliyokatwa nayo ni kama imetafunwa.

Kasi kubwa haimalizi kazi mapema, inaunguza. Bandika selotepu ya kufungia maboksi juu ya ramani iliyo ubaoni, punguza mwendo, na weusi wa kwenye kingo utapungua sana. Na msasa hautakurekebishia mstari. Jaribu kupiga msasa ndani ya tundu la milimita mbili, kisha uje tuzungumze.

Halafu kuna kauli ya "vumbi lenyewe dogo." Udogo ndio ubaya wake. Unga mwembamba ndio unaoingia ndani ya mapafu, na kipulizio kidogo cha mashine kinaupuliza uondoke kwenye mstari, kinakuletea usoni. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, yaani linasababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi, vaa barakoa ya vumbi inayobana pembeni. Ukikata mpingo ongeza mikono mirefu, maana unga wake huwasha ngozi za wengi.

Moja la mwisho, la dada mmoja aliyeagiza familia ya tai wa Marekani, yule mwenye kichwa cheupe: baba, mama na makinda mawili kwenye kiota, wote vichwa vyeupe. Tai huyo hazaliwi na kichwa hicho. Kinda lililokwisha kuota manyoya ni la kahawia tangu utosini hadi mkiani, na weupe hukamilika akikaribia miaka mitano. Nikamweleza, akakubali kwa shingo upande, nikakata makinda kwa mbao nyeusi na vichwa vya wazazi kwa mbao nyeupe, bila rangi, mafuta tu. Alipokuja kuchukua akaitazama kazi kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini nimemwekea mwewe wawili kwenye kiota cha tai.